Siku Babu aliponipeleka Alfajiri

Tuliteremka kutoka Kadutu, mtaa wetu wa mlimani mjini Bukavu, Kongo, kungali giza, mwaka 1988. Nilikuwa na miaka 12 na naenda kufanya mtihani wa kuingia Collège Alfajiri. Baba alikuwa kazini, kwa hiyo Babu ndiye aliyenisindikiza, kavaa koti lake la misa. Njia nzima alisema tunaenda "Notre-Dame". Jina hilo la zamani, Notre-Dame de la Victoire, lilikwisha ondolewa enzi za Mobutu, lakini kwa Babu hata Bukavu yenyewe, akikasirika, ilirudi kuwa Costermansville.

Wajesuiti walifungua shule ile mwaka 1938, kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Babu alikuwa kijana wa kubebea mafundi mawe. Darasani hakuwahi kuingia.

Imla ya Kifaransa ilijaa farasi. Mimi farasi nilikuwa sijamwona hata mmoja, na wakiwa wengi wanaandikwaje, sikukumbuka. Kila nilipoinua kichwa nilimwona Babu nje, amepiga magoti kando ya ukuta, anaukwaruza kwa ukucha. Baadaye sentineli akamfikia. Nikajua leo tunafukuzwa wote wawili. Imla ikanipita mistari miwili.

Nilipotoka niliwakuta wamekaa pamoja kwenye ngazi, wanakula mandazi yangu.

"Hii mawe njo sisi tulibeba," Babu alikuwa akimweleza. "Kwa kichwa! Ukuta hauna shida. Ni rangi njo bameharibu."

Sentineli alitikisa kichwa kwa heshima, mdomo umejaa.

Nilikubaliwa, sijui kwa huruma ya nani. Nilikaa pale miaka 6, na Julai 1994, nikisubiri matokeo ya mtihani wa Serikali, viwanja tulivyochezea mpira vilijaa mahema ya wakimbizi kutoka Rwanda. Babu alikuwa amekwisha kufa. Nilifurahi kwamba hakuona moshi wa majiko yao ukipaka ukuta wake masizi, kisha nikaona aibu kwa kuwaza ukuta.

Lakini siku ile ya mtihani tulipanda Kadutu polepole, ziwa likiwa nyuma yetu. Kuhusu imla hakuniuliza neno. Tulipofika katikati ya mlima akasimama kupumua.

"Mujukuu, mule ndani ya darasa, chini waliweka nini? Saruji ao mbao?"

Nikamwambia sikuangalia.

Hakunisemesha tena mpaka nyumbani.