Chui Asiye na Mkia

Mwaka 2015 nilikwenda Nairobi kwa mara ya kwanza, kumsalimia mjomba aliyekuwa akiishi Ongata Rongai. Sikubeba hata brashi moja. Kusema kweli nilikuwa nimewachoka tembo. Sisi wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, tunakula kwa mgongo wa wanyama. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huu wa uchoraji mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, na mpaka leo mtalii anataka twiga na Mlima Kilimanjaro nyuma yake. Mkono unachora, kichwa kinawaza kodi ya nyumba.

Nilifika jioni, nikaelekezwa kituo cha Railways. Matatu za Rongai zilikuwa zimejipanga, muziki unatikisa vioo, na kila moja imechorwa kuanzia bampa hadi paa: Bob Marley, Tupac, wachezaji mpira, moto, mafuvu. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, za mwaka 2004 zilikuwa zimezivisha matatu mstari wa manjano na kuibana michoro hiyo. Mwishoni mwa 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipoitetea hadharani. Nilifika wakati mafundi wana hamu.

"Mzee, Rongai? Ingia twende!" makanga akaniita. Sikuingia. Niliacha gari moja baada ya jingine liondoke, nikitazama tu, mpaka mjomba akapiga simu kuuliza kama nimeibiwa.

Aliponiona nimerukwa na akili kiasi hicho, akanipeleka kwa kijana mmoja anayepaka matatu rangi. Nilimkuta kapanda ngazi, ana kidude cha kupulizia kilichounganishwa na kompresa, anatia kivuli chini ya shavu la mwanamke ambaye pua yake pekee ilinizidi kichwa. Kwetu hakuna kivuli. Tunapaka rangi ya nyuma, tunasubiri ikauke, tunaweka mnyama, kisha madoa, madoa, madoa. Nikamuuliza mbona hajazi nafasi iliyobaki.

"Hapa ubavuni weka kitu moja kubwa," akasema bila kugeuka. "Gari inapita mbio, mtu ataona saa ngapi? Nyuma ndio unajaza vitu vidogo. Watu wako kwa jam, hawana kazi."

Nilizunguka nyuma ya gari. Kweli: maneno, majina, vichekesho, vijipicha vya kusoma ukiwa umekwama. Miaka yote nilichora kwa ajili ya mtu aliyekwisha kusimama mbele ya picha, wala sikuwahi kumfikiria yule anayepita ng'ambo ya barabara. Usiku ule niliomba daftari la shule la binti wa mjomba, nikalichafua lote.

Niliporudi Dar nilichora chui kwenye ubao mkubwa kuliko niliouzoea, kichwa na bega tu, mwili umekatwa na ukingo. Ndani ya kila doa nikaweka mtu mdogo: mama ntilie, konda wa daladala, muuza kahawa na birika lake. Mzee mmoja wa pale kwetu, mchoraji tangu mimi sijazaliwa, aliusogelea, akasoma doa hadi doa, akacheka kwa konda. Kisha akarudi nyuma, akakunja uso.

"Mwanangu, mkia uko wapi?"

"Haukuingia, mzee."

"Basi punguza bei."