Dilip Kumar kwa mpangilio wa miaka: nimefika Ganga Jamuna

Nimeshatoka miaka ya hamsini. Wanaoufuatilia mradi huu wanajua nilichokusudia: kuzitazama filamu za Dilip Kumar kwa mpangilio wa miaka zilipotoka, kila ninayoweza kuipata, na kila moja kuiandikia kurasa zake daftarini. Wiki hii nimefunga kurasa za Mughal-e-Azam na Kohinoor, zote mbili za 1960, na jana usiku nimeanza Ganga Jamuna ya 1961. Nina mengi ya kueleza.

Kwa aliyejiunga leo: Dilip Kumar alikuwa mwigizaji wa sinema za Kihindi, na hilo ni jina lake la sinema. Alizaliwa Peshawar tarehe 11 Desemba 1922, jina lake Muhammad Yusuf Khan, mtoto wa mfanyabiashara wa matunda. Kabla ya filamu alifanya kazi kwenye kantini ya jeshi kule Pune. Devika Rani, mama aliyeiongoza studio ya Bombay Talkies, ndiye aliyemchukua na kumpa jina jipya kwa ajili ya Jwar Bhata ya 1944, na jarida la filmindia likamponda vibaya sana kwa kazi hiyo ya kwanza. Akafariki Mumbai tarehe 7 Julai 2021 akiwa na miaka 98. Kwa zaidi ya nusu karne ya kazi hakufikisha filamu 70. Alikuwa akichagua, akikataa, akisubiri. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye daftari anaweza kuthubutu kumfuata tangu mwanzo.

Nimeanzia Jugnu ya 1947, aliyocheza na Noor Jehan, filamu iliyofanya watu wamjue. Utaratibu wangu haujabadilika. Mara ya kwanza natazama tu, sishiki kalamu. Mara ya pili naandika, na kila ukurasa nimeugawa: sauti, mikono, macho, na kando kidogo naandika nani yuko naye kwenye fremu. Sehemu inayojaa haraka kuliko zote ni ya sauti.

Iliyonifanya nisimamishe picha na kurudisha nyuma kwa mara ya kwanza ni Andaz ya Mehboob Khan, 1949. Humo yumo yeye na Raj Kapoor, vijana wawili ambao familia zao zilitokea Peshawar na waliosoma chuo kimoja Bombay, na katikati yupo Nargis. Raj Kapoor anaingia kama upepo: anacheka, anarukaruka, nyumba nzima inajua kafika. Dilip Kumar anakaa kwenye piano. Anaimba kwa sauti ya Mukesh, mwimbaji anayemwimbia nyuma ya pazia (mwimbaji mwingine, Rafi, humo kapewa Raj Kapoor, kinyume kabisa na tulivyozoea baadaye), na macho yake yameelekea kwa Nargis, mwanamke ambaye yeye hajui kuwa ana mchumba. Daftarini niliandika neno moja: anashusha. Mwenzake akipandisha, yeye anashusha. Na jicho lako linamfuata aliyeshusha. Tangu hapo nimekuwa nikilitafuta jambo hilo kwenye kila filamu, na sijalikosa hata moja.

Kisha inakuja miaka ya majonzi. Deedar ya 1951, anacheza kipofu mwimbaji. Daag ya 1952, mlevi. Kwa filamu hiyo akapata tuzo ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora wa kiume ya Filmfare, tuzo kubwa za sinema ya Kihindi. Devdas ya Bimal Roy, 1955, mlevi tena, na humu ndimo nilimokaa muda mrefu. Waigizaji wengi wakipewa ulevi wanayumba na kuropoka. Yeye anakaa kimya. Ulevi wake uko kwenye kope na kwenye nafasi kati ya neno na neno. Anaanza sentensi, anaiacha hewani, wewe unabaki unaingoja kama anavyoingoja Chandramukhi, mwanamke anayempenda, anayechezwa na Vyjayanthimala. Kazi hizi zilimuumiza mwenyewe. Alieleza wazi kwamba alifika kwa daktari wa akili London, akashauriwa aache kufa kwenye kila picha na achukue kazi nyepesi. Ndiyo sababu ya Azaad, ya mwaka huohuo wa 1955, ambamo anapigana upanga na kucheka na Meena Kumari. Ukizitazama bila mpangilio utadhani ni watu wawili. Ukizitazama kwa mpangilio unaona mtu anajitibu kwa kazi yake, na unafurahi kwa niaba yake.

Naya Daur ya 1957 naipita haraka, ingawa naipenda: wenye magari ya farasi wanapambana na basi lililokuja kuwanyang'anya riziki, na stelingi anakubali mashindano ya mbio. Kijiji kinajenga barabara kwa mikono. Tuzo ya Filmfare tena, ya tatu mfululizo.

Madhumati ya 1958 niliitazama na mama mdogo, aliyekulia Unguja na kuingia sinema ya Majestic, Vuga, enzi ambazo watu walipanga foleni kwa picha la Kihindi. Nyimbo alikuwa akizijua kabla hazijaanza. Salil Chowdhury ndiye aliyezitunga, na filamu ikazoa tuzo 9 za Filmfare, rekodi iliyosimama miaka 37. Kwetu pwani lahani za sinema hizo hazikubaki sinemani. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana mno kwa kuzichukua na kuzitilia mashairi ya Kiswahili, na mama mdogo huchanganya mawili hayo bila kujali, mstari wa Kihindi, mstari wa taarabu. Lakini stelingi alipoanza kuzungumza na Madhumati kwenye ukungu wa mlimani, aliacha kuimba.

"Hebu nizimie hilo feni, mwanangu, nimsikie."

"Mama mdogo, joto lote hili?"

"Zima. Huyu hasemi kwa kelele."

Kihindi chake ni cha kuokoteza, lakini aliitaka ile sauti yenyewe, na tukakaa na joto hadi mwisho wa picha. Nimeiandika kwenye ukurasa wa Madhumati, sehemu ya sauti, maana sina maelezo bora kuliko hayo.

Sasa Mughal-e-Azam. Ilitoka tarehe 5 Agosti 1960 baada ya mwongozaji K. Asif kuishughulikia kwa miaka mingi kupita kiasi. Ina sehemu chache za rangi, nyingine nyeusi na nyeupe. Ile iliyotiwa rangi yote ilitoka 2004, nami naomba mtu asianze na hiyo. Vivuli vyake ni vya nyeusi na nyeupe.

Mfalme Akbar ni Prithviraj Kapoor, baba yake Raj Kapoor. Kila neno lake linatoka kama ngoma kuu. Mwigizaji yeyote kijana angejaribu kushindana naye kwa nguvu ya kifua. Dilip Kumar, kama mwana wa mfalme Salim, anamjibu baba yake kwa upole unaotisha. Wakibishana juu ya Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu ambaye Salim anampenda, Akbar ananguruma na Salim anateremsha sauti hadi unainama mbele ili uipate, na ghafla mwenye taji ndiye anayeonekana kuelemewa. Nimeirudia sehemu hiyo nikiwa nimezima picha, nasikiliza tu. Bado Salim anashinda.

Na kuna ile ya unyoya. Usiku, bustanini, Tansen, mwimbaji wa ikulu, anaimba kwa mbali. Sauti ni ya Bade Ghulam Ali Khan, bingwa wa uimbaji wa jadi wa Kihindi, aliyelipwa rupia 25,000 kwa wimbo mmoja wakati waimbaji wakubwa wa filamu walikuwa wakilipwa mia chache. Anarkali, anayechezwa na Madhubala, kainua uso. Salim ana unyoya mweupe. Anaupitisha polepole juu ya uso wa Anarkali, na wote wawili hawasemi kitu. Hakuna busu, hakuna kukumbatiana, na sijaona mapenzi mazito zaidi ya hayo kwenye sinema yoyote. Ukitazama mkono wa Salim utaona hautetemeki na hauharakishi, kama wa mtu anayefuta vumbi kwenye msahafu wa kale. Nje ya kamera hawa wawili walikuwa wameshapendana kwa miaka na kuachana kwa uchungu. Mwaka 1957, kwenye kesi iliyotokana na Madhubala kutoka kwenye Naya Daur, Dilip Kumar alitoa ushahidi upande wa mtengenezaji wa filamu. Sikutaka kulijua hilo nilipotazama mara ya kwanza. Mara ya pili nililijua, na heshima yangu kwa wote wawili ikaongezeka. Walikuja kazini, wakaiweka kazi mbele.

Jambo linalonishangaza: mwaka huo Filmfare hawakumpa tuzo kwa Salim. Walimpa kwa Kohinoor, filamu ya vichekesho na panga. Nilianza kuitazama nikiwa na kinyongo kidogo kwa ajili ya Salim, nikaimaliza nikiwa nimeelewa. Kuna wimbo humo wa raga ya Hamir (raga ni lahani ya muziki wa jadi wa Kihindi), Naushad ndiye mtunzi na Rafi mwimbaji, ambamo stelingi anapiga sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi. Sauti ya sitar ni ya Ustad Abdul Halim Jaffer Khan. Lakini Dilip Kumar alikataa kujifanya. Alikaa akajifunza sitar ili vidole vyake vikae panapostahili. Kamera inapokaribia vidole, havidanganyi. Ni picha ya kuchekesha, mtazamaji wa kawaida asingejali. Yeye alijali. Ukurasa wa Kohinoor ndio wenye maandishi mengi kuliko yote kwenye sehemu ya mikono.

Ganga Jamuna ndiyo kwanza nimeanza, sijaingia mara ya pili, kwa hiyo nitakuwa mwangalifu. Aliitengeneza mwenyewe, Nitin Bose akaongoza. Ganga, anayechezwa naye, ni kijana wa kijijini anayesukumwa na dhuluma ya mwenye ardhi hadi akawa jambazi. Jamuna ni mdogo wake aliyesoma akawa polisi, na anachezwa na Nasir Khan, mdogo wa damu wa Dilip Kumar mwenyewe. Humo Dilip Kumar hasemi Kiurdu safi cha Salim. Anasema lahaja ya Awadhi, ya mashambani, yeye mtu wa Peshawar, na nyota wa sinema Amitabh Bachchan, mzaliwa wa Allahabad ambako lahaja hiyo ni ya nyumbani, ameisifu mara nyingi kama darasa la uigizaji. Mimi lahaja siijui, lakini naisikia tofauti mwilini: mabega yamelegea, mwendo ni wa mtu aliyezoea udongo. Ganga anacheka kwa sauti kubwa! Nilistuka. Miaka yote hii ya kushusha, na kumbe kicheko kama hicho alikuwa nacho.

Na hapa ndipo mpangilio wa miaka unaponilipa. Ganga anapigwa risasi na ndugu yake polisi. Miaka 21 baadaye, kwenye Shakti ya Ramesh Sippy ya 1982, Dilip Kumar ndiye polisi, na anayesimama mbele ya bastola yake ni mwanawe, Amitabh Bachchan yuleyule. Salim alimpinga baba aliyeweka dola mbele ya mtoto; kwenye Shakti yeye ndiye baba anayewaambia watekaji kwenye simu kwamba hatausaliti wajibu wake hata wakimuua mwanawe. Shakti niliiona zamani nikiwa mdogo, nikamchukia yule baba. Kwenye mradi zamu yake haijafika, lakini najua nitaitazama nikiwa nimeshamjua tangu alipokuwa mtoto mkaidi wa mfalme, na sidhani nitaweza kumchukia tena. Kisha itafuata Mashaal ya Yash Chopra, 1984, miaka 40 kamili tangu Jwar Bhata: mzee usiku barabarani, mkewe anakufa kando yake, magari yanapita na yeye anayapigia kelele yasimame. Mtu aliyeshusha sauti maisha yake yote, hapo anaipandisha, na hakuna anayesimama.

Hayo ni ya mbele. Kwa sasa namaliza mzunguko wa pili wa Ganga Jamuna, kisha Leader ya 1964, kisha Ram Aur Shyam ya 1967 ambamo anacheza mapacha, mmoja mwoga na mmoja jasiri. Kuna pengo moja nyuma linalonikera: Musafir ya 1957, filamu ya kwanza Hrishikesh Mukherjee kuongoza. Nakala niliyoipata sauti yake imechakaa mno, na humo ndimo Dilip Kumar anaimba kwa koo lake mwenyewe, pamoja na Lata Mangeshkar. Sehemu ya sauti ya ukurasa huo nimeiacha wazi. Mwenye nakala inayosikika vizuri, tafadhali aniambie naweza kuipata wapi.