Mvua ya usiku inamalizia tu kazi

Kila mvua kubwa ikipiga hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, asubuhi whatsapp inajaa picha za vilima vimeporomoka na kuta zimelala barabarani, na kila mtu anasema mvua ya usiku njo imeua. Mimi nakataa kidogo. Ile ya usiku imemalizia tu kazi iliyoanza wiki nyingi nyuma.

Vilima vyetu ni mawe ya volkano ya zamani sana yaliyooza kwa joto na maji mpaka yakawa mfinyanzi mwekundu, mahali pengine unachimba weee hujagusa mwamba. Udongo huo unasimama kwa sababu chembe zake zinasuguana na kushikana. Sasa mwezi wa 9 mvua inarudi, inanyesha, inapumzika, inanyesha tena, maji yanazama polepole hadi yakute tabaka yasiyoweza kupenya, yanakosa njia, yanajikusanya palepale na kuanza kusukuma chembe ziachane, na huku juu udongo wote umeshiba umekuwa mzito. Ukifika hapo mvua ya saa moja inatosha. Na njo maana mara nyingine kilima kinashuka jua limeshatoka watu wameshaanika nguo.

Kule Kalehe, jirani yetu kando ya ziwa Kivu, tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023 ilikuwa hasira ya namna nyingine, milima ya juu ilimwaga maji, matope na mawe makubwa kwa mara moja juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko, wakafa watu zaidi ya 400.

Hapa mjini sisi wenyewe tunasaidia. Mtu ananunua parsele (kiwanja) kwenye mteremko, anakata kilima wima apate pa kusimamisha nyumba (ndiyo, amekikata mguu), udongo anaumwaga chini kwa jirani, mabati hayana mfereji kwa hiyo maji ya paa lote yanaangukia sehemu moja, halafu tiyo (bomba la maji) imepasuka inavuja mwezi mzima. Angalia mtaa wa Funu kule Kadutu, hapa hapa mjini, ardhi inateleza polepole miaka na miaka na nyumba ziko juu yake, mwaka 2022 watafiti wakalinganisha picha za zamani za ndege na za satelaiti wakaona kumbe mji kukua pale juu umeongeza mwendo. Ardhi ikitembea inakata tiyo, tiyo ikikatika inanywesha ardhi, inatembea zaidi. Nani atamaliza hiyo?

Kwa mama mdogo wangu mlango wa jikoni sasa lazima uuinue na bega ndiyo ufunge. Ukutani kuna ufa unapanda kama ngazi, umezibwa simenti na umefunguka palepale, na chini ya ukuta wa mawe maji ya matope yanatoka mahali hapakuwaga na chemchemi. Nikamwambia mama mdogo, usizibe tena, piga mstari na kalamu kila upande tupime unavyofunguka. Akasema fundi amemweleza ni simenti mbaya. Fundi huyo huyo njo alikata kilima!

Angalau mwenye nyumba ya juu, kisha maneno mengi, amekubali kuweka mfereji na tiyo ya kushusha maji ya paa lake mpaka kwenye kanivo (mtaro) ya barabara. Kanivo yenyewe imejaa chupa za plastiki.