Njia ya Boza

Chama cha wenye nyumba mtaani kwetu Bamburi, Mombasa, kilikuwa na kazi mbili siku zote: taka na mshahara wa mlinzi. Mwaka ule kikajipa ya tatu, geti la mama. Barua ilisema njia yetu ya gari inakata kona ya kiwanja cha jirani, basi tuizibe na tutoboe ukuta wa nyuma. Nyuma kuna shimo la choo. Aliyeiandika hakuwahi kupita huko.

Marehemu baba alikubaliana na mwenye kile kiwanja kwa mdomo tu, wakanywa kahawa, yakaisha. Mzee yule alipofariki watoto wakauza, na mnunuzi akapewa hati isiyotaja njia ya mtu. Mimi simlaumu sana.

Kikao kilifanyika chini ya mkilifi. Mwenyekiti, kijana wa juzi tu, alimwamkia mama kwa adabu zote kisha akasema, "Lakini mama, sheria ni msumeno."

"Hukata mbele na nyuma, mwanangu. Na boza la maji litapita wapi, juu ya ukuta?"

Watu wakatazamana. Mifereji mtaani hukauka siku nenda siku rudi, na hakuna nyumba pale isiyonunua maji ya boza.

Nilitaka twende mahakamani. Wakili akanikataza: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, hairuhusu mahakama kusikiliza kesi ya mpaka kabla msajili wa ardhi hajauamua mpaka wenyewe. Tukaanzia kwa msajili, na sabeya, mpima ardhi, akaletwa.

Vijana wake walichimba chini ya bogenvilia ya jirani. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, kila sururu ikishuka inadunda. Walipofika kina cha goti likatokea donge la saruji, katikati yake chuma kilicholiwa na kutu. Bikoni, alama ya mpaka! Hata mwenyekiti alichuchumaa kuigusa.

Sabeya akavuta kamba. Kona ilikuwa ya jirani kweli, chama hakikusema uongo. Ila kamba ileile ilionyesha ukuta wa jirani umekula barabara ya mtaa, na hilo barua haikuwa imeligusa. Mama hakusema neno. Alijifunga mtandio upya.

Kuanzia hapo mazungumzo yakawa matamu. Chama kikauacha ukuta wa jirani, naye akakubali kutupa haki ya njia kwa maandishi, isajiliwe kwenye hati yake ili hata akiuza, mnunuzi aikute. Gharama zote juu yetu. Jirani akataka maboza yasipite usiku, tukakubali. Mama naye akataka gari la maiti litajwe, lipite saa yoyote. Wakili akamweleza kwamba gari ni gari, halina haja ya kutajwa.

"Liandike," mama akasema.

Likaandikwa.