Tafakari ya Wiki: Asimame Nje ya Mlango

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo ya wiki hii: Kumbukumbu la Torati 24:10-22, Ruthu 2, Matendo ya Mitume 6:1-7.

Katika Kumbukumbu la Torati 24 kuna agizo ambalo huwa tunalipita mbio tukiwahi lile la mavuno. Mtu akimkopesha mwenzake, asiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Asimame nje. Aliyekopa ndiye aingie ndani, atafute cha kuweka rehani, akitoe kwa mkono wake mwenyewe. Na kama ni maskini, rehani hiyo irudishwe jua linapokuchwa, apate kulala na nguo yake.

Hebu tuliangalie vizuri. Mkopeshaji hakukatazwa kudai. Rehani anaipata na haki yake ipo palepale. Alichokatazwa ni kuvuka kizingiti. Mungu aliyeziumba mbingu na nchi ameona vema kuweka sheria kuhusu mahali pa kusimama mwenye pesa anapofika kwa asiye nazo. Sababu haikuandikwa, ila nadhani aliyewahi kudaiwa hahitaji kuelezwa. Ndani mle kuna watoto wanaotazama, kuna godoro moja, kuna sufuria iliyofunikwa ili ionekane ina kitu. Mgeni akiingia, ameyaona yote, na baba wa nyumba ile hatasimama tena mbele ya wanawe kama alivyosimama jana.

Huku mtaani mikopo ya kausha damu tunaijua. Mama anachukua laki moja aongezee mtaji wa vitumbua, anatakiwa kurejesha kila siku, na akiteleza kidogo wanakuja vijana na kirikuu. Hawa hawasimami nje. Wanabeba jiko la gesi, wanabeba runinga, wanabeba hata godoro, na majirani wamejaa uwanjani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Sheria ni nzuri. Ila mama ambaye mtoto ana homa kali saa mbili usiku haombi kuonyeshwa leseni.

Ndiyo maana wiki hii nataka tukitazame kituo cha jamii kilicho nyuma ya kanisa letu, ambacho wengi tunakipita Jumapili tukitafuta pa kuegesha gari. Tunajua kwamba kipo, na bahasha zake tunazijaza. Kinachofanyika ndani hatukijui sana.

Jumatano jioni wanakutana akina mama wa vicoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku la chuma linaletwa katikati likiwa na kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na wanakikundi watatu tofauti. Anayelitunza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote: hisa huku, mfuko wa jamii kule, marejesho kwenye bakuli lake. Kikundi hakizidi watu 30, nao wamejigawa watano watano wanaodhaminiana. Anayetaka mkopo anaeleza mwenyewe ni wa nini, na anaweza kupewa hadi mara tatu ya hisa zake. Mfumo wenyewe ulianzia kwa wanawake wa vijijini nchini Niger mwaka 1991, ukaingia kwetu kupitia Zanzibar, na leo sijui mtaa usio na kikundi cha namna hiyo. Ninachokipenda ni kinachotokea mtu akichelewa. Wale wanne wenzake wanamwita pembeni kwanza, kabla jina lake halijatajwa kikaoni. Wanamuuliza kumetokea nini. Mara nyingi kumetokea msiba au ugonjwa, na hapo mfuko wa jamii ndipo unapofanya kazi yake. Sina hakika kama kuna anayesoma Kumbukumbu la Torati pale, lakini wanaiishi kuliko sisi tunaoisoma.

Jumamosi ni siku ya watoto. Asubuhi uji, halafu masomo ya ziada, mchana wali na maharage. Ni kweli ada ilifutwa kuanzia mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na baadaye kidato cha tano na sita, lakini sare hazikufutwa, viatu havikufutwa, na mchango wa chakula cha mchana shuleni upo. Kituo kinanunua madaftari kwa bei ya jumla na kinatafuta fundi wa kushona sare. Yupo pia msaidizi wa kisheria anayewasaidia wazazi kufuatilia vyeti vya kuzaliwa. Wengi hawajui kwamba kwa mtoto wa chini ya miaka mitano cheti hicho kinaweza kupatikana bure kupitia ofisi ya kata au kituo cha afya. Kazi hizi hazipigiwi makofi kanisani. Afadhali, maana makofi yangezichelewesha.

Sasa niwasimulie jambo la chakula.

Kituo kina utaratibu kwamba chakula kinaliwa palepale, hakitoki getini. Utaratibu una sababu: wali unachacha kwenye joto letu hili, na kuna wakati watoto wakubwa walikuwa wanawapora wadogo njiani. Basi kukawa na binti mmoja aliyekuwa akila nusu, nusu nyingine anaikunja ndani ya karatasi ya daftari na kuificha kwenye sketi. Akaonekana. Mlezi mmoja akamsimamisha mbele ya wenzake akamwambia akitoe alichoficha. Kikatoka, karatasi imelowa mchuzi wa maharage, na hesabu za kugawanya zilizoandikwa kwa penseli zikiwa zinasomeka. Watoto wengine wakacheka.

Mama mpishi hakusema neno. Jumamosi iliyofuata, binti alipokuja na sahani yake, mpishi alimjazia kama kawaida, kisha akampa kikopo cha siagi kilichooshwa, kina wali na mfuniko wake. Akamwambia, "Hiki mpelekee mdogo wako, na kikopo ukirudishe kikiwa safi." Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemtuma dukani.

Kamati ilipopata habari ikaitisha kikao kujadili uvunjaji wa utaratibu. Naambiwa kilichukua muda mrefu. Laiti mmoja wetu angefungua Ruthu 2 kikao kingekuwa kifupi.

Ruthu Mmoabu anakwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji, haki ambayo sheria ilimpa mgeni, yatima na mjane. Boazi, mwenye shamba, hakumfanyia hisani kwa kumruhusu aokote, maana hilo lilikwisha kuamriwa na Mungu. Hisani yake inaanza hapa: anamkaribisha wakati wa chakula, anampa bisi kwa mkono wake, Ruthu anakula, anashiba, na anasaza. Anapoinuka kurudi kazini, Boazi anawageukia vijana wake na kuwaagiza mambo mawili. Wachomoe masuke kutoka kwenye miganda na kuyaacha, ili ayaokote. Na wasimkemee.

Mnaona alivyofanya? Angeweza kumwita na kumjazia gunia. Alikuwa na shayiri ya kutosha. Badala yake anaidondosha njiani, Ruthu anaiokota kwa kazi yake mwenyewe, anaipura mwenyewe jioni, anapata efa nzima, yaani zaidi kidogo ya debe moja. Anaingia mjini amejitwika mavuno yake. Na Naomi anapopokea, mstari wa 18 unasema Ruthu alimtolea pia kile alichosaza baada ya kushiba. Alikula nusu, nusu akamfichia mama mkwe wake! Maandiko yanaliandika hili bila kulaumu. Wala Boazi hakuweka kijana getini kwake kukagua sketi.

Agizo la "msimkemee" linawahusu vijana, kwa sababu mwenye shamba hayupo mtaroni siku nzima. Anayekutana na maskini ni kijana wa zamu, mlezi, karani mwenye daftari, mlinzi wa geti. Sisi tunaotoa sadaka tunadhani wema wetu umefika kwa sababu fedha imefika. Imefika kwa sauti gani? Hilo Boazi alilishughulikia kabla ya jua kuzama, na ndilo ninaloona halijawahi kuwa ajenda kwetu.

Matendo 6 inakwenda mbali zaidi. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na huduma ya kila siku kwa wajane, na wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wakawa wanasahauliwa. Yakatokea manung'uniko. Sisi tungesema, "Hawa watu hawana shukrani, wanapewa bure na bado wanalalamika." Nimesikia maneno hayo kwa masikio yangu, tena kwenye ngazi za kanisa. Mitume hawakusema hivyo. Walikubali kwamba kuna tatizo, wakaliita kusanyiko lote, wakasema wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, waliojaa Roho na hekima. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaelekea kusanyiko liliwakabidhi meza watu wa upande ule ule uliokuwa umesahauliwa.

Kamati ya kituo chetu ina wazee wa kanisa, mhasibu mstaafu, mwalimu mkuu, na mwakilishi wa kwaya (sijui kwa nini kwaya lazima iwemo kila mahali). Ni watu wema, nawafahamu, wanajitolea bila posho. Lakini hamna hata mzazi mmoja ambaye mwanawe anakula pale Jumamosi. Yule mama wa vitumbua anajua bei ya maharage, anajua nani mtaani amelala njaa na anaona haya kuja, anajua mtoto yupi anaishi na bibi. Kwenye daftari letu yeye ni namba ya kaya. Uchaguzi wa kamati ni mwezi ujao, nami nitalipendekeza jina lake kama yeye mwenyewe ataridhia.

Kuna na suala la picha. Tunapogawa unga na mafuta wakati wa Krismasi tunampanga mjane katikati, mfuko kifuani, viongozi huku na huku, picha inapigwa kwa simu, inakwenda kwenye magrupu yote. Najua wafadhili wanataka ushahidi. Risiti ni ushahidi, na daftari la mapokezi lenye sahihi ni ushahidi. Uso wa mama mwenye wajukuu wanaosoma shule ya jirani si risiti. Picha ile ikishaingia kwenye simu za mtaa, tumekwisha kuingia ndani ya nyumba yake sote kwa pamoja.

Jumapili ya mavuno nayo imekaribia, na mnada utakuwepo. Tunaupenda mnada: yai linanunuliwa elfu tano, linarudishwa, linanunuliwa tena elfu kumi, watu wanacheka, Bwana anatukuzwa. Lakini ndugu zangu mnaoshika kipaza sauti, mwaka huu tuangalie mizaha. Jogoo mwembamba aliyeinuliwa juu na kuulizwa kama alikuwa amefunga na kuomba ana mwenyewe, na mwenyewe amekaa benchi la nyuma. Huenda ndiye jogoo pekee aliyekuwa naye.

Wiki hii, anayeweza apite kituoni Jumamosi, asubuhi, asaidie kuosha vyombo au kusahihisha hesabu. Asiende kukagua. Vikopo vyenye mifuniko vinahitajika; mama mpishi atavipokea.

Tuombe.

Ee Bwana, tunawaleta kwako akina mama wanaodaiwa usiku huu, na wale wanaosubiri hodi wasiyoitaka. Warudishie vilivyobebwa. Wape vijana wetu wa zamu ulimi mpole, na sisi wenye bahasha utupe kujua mahali pa kusimama. Mbariki binti yule na mdogo wake, washibe wote wawili. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.