Maziwa ya jioni: kumbukumbu ya ng'ombe wangu wa Muheza

Januari, mwishoni

Ng'ombe wangu ni chotara wa Friesian, mwenye uzao wa pili, aliyezaa mwanzoni mwa Desemba. Hutoa lita 7 asubuhi, lakini jioni hapiti lita 4. Ni kawaida maziwa ya asubuhi kuzidi, kwa kuwa kutoka kukamua jioni hadi alfajiri hupita saa nyingi zaidi. Hata hivyo pengo hili ni kubwa mno, nami nashuku jua kabla sijashuku mbegu. Asili ya Friesian ni nyanda za baridi za Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, na joto likizidi nyuzi 25 huanza kutaabika. Huku kwetu nyuzi 32 mwezi huu si habari.

Saa nane mchana nilimkuta amesimama, halali wala hacheui, shingo ameinyoosha mbele, ute unaning'inia mdomoni. Nilihesabu mbavu zikipanda na kushuka: pumzi 72 kwa dakika, ilhali zikipita 60 ni dalili kwamba joto limemzidi. Majani ya tembo aliyowekewa saa nne asubuhi yalikuwa bado yamejaa horini.

Februari

Nimebadili ratiba. Chakula kinapochachuka tumboni huzalisha joto, ambalo hufikia kilele saa chache baada ya kula, hasa majani yakiwa yamekomaa. Kumlisha saa nne ni kumwashia tanuri jua likiwa utosini. Sasa sehemu kubwa ya majani huwekwa saa kumi na mbili jioni na alfajiri, yakiwa yamekatwa yangali na kimo cha mita moja hivi na kuchanganywa na majani ya lukina, mti wa malisho wa jamii ya kunde. Pumba na mashudu ya alizeti sikuviongeza, ili nisije nikavisifu bure.

Maji pia hayapimwi tena kwa ndoo, bali yamo kwenye pipa lililokatwa, kivulini, usiku na mchana. Takriban asilimia 87 ya maziwa ni maji, na ng'ombe anayekamuliwa wakati wa joto anaweza kunywa zaidi ya lita 80 kwa siku.

Machi

Asubuhi ni lita 7 zilezile. Jioni inakaribia 5. Ongezeko linaonekana dogo, lakini ng'ombe hufika kileleni kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa, kisha hupungua taratibu, kwa hiyo kutoshuka peke yake ni faida. Nilipomrudisha kwa muda kwenye ratiba ya zamani, kabla mvua za masika hazijapoza hewa, jioni ilirudi chini ya 4.

Jirani ananihimiza ninunue Friesian halisi. Sikubaliani naye: mwili mkubwa na maziwa mengi huzalisha joto zaidi na hudai malisho ambayo nusu eka yangu haina, na ugonjwa wa ndigana kali, unaoenezwa na kupe, hauangalii bei ya ng'ombe. Nimemwomba mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu, aniletee mbegu ya Jersey kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, kwa kuwa Jersey ni mdogo na huvumilia joto vizuri zaidi. Kwa kuwa msimu huu dalili za kutaka dume hujitokeza zaidi usiku, nakagua banda kabla ya kulala na tena alfajiri.