Siku Moja na Dodoso: Kutoka Saanane Hadi Kayenze

Saa 11:30 alfajiri. Kirumba, hapa Mwanza, hakuhitaji kengele ya simu. Magari ya samaki yanatosha. Kabla ya chai natoka nje kuangalia upande wa Ziwa Victoria. Usiku radi zilikuwa zinamulika huko mbali, ndiyo tabia ya ziwa letu: nchi kavu ikipoa usiku, maji yanabaki na joto lake, hewa inapanda juu ya ziwa na mawingu ya radi yanajijenga hukohuko, usiku wa manane hadi kunakucha. Sisi wa mjini tunaamka, barabara kavu, tunasema usiku ulikuwa shwari. Muulize mvuvi wa dagaa.

Mimi ni mkusanyaji wa takwimu kwenye utafiti wa utalii. Tunataka kujua wageni wanaelewa nini kuhusu usalama wao, na vijiji vya mwambao vifanye nini ili mgeni aje, aache hela, na arudi kwao mzima.

Saa 3 asubuhi. Capri Point, nasubiri boti ya Saanane. Kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, na kutoka katikati ya jiji unafika kabla hujamaliza soda. Hapa hakuna mjadala: jaketi la kuokolea unavalishwa, kamba zinakazwa, ndipo injini inawashwa. Natoa kishikwambi. “Je, unafahamu umuhimu wa kuvaa jaketi la kuokolea?” Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo tena. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu zake kutoka Shinyanga ananitazama kama nimemuuliza kama anajua kula. “Mjukuu wangu, MV Bukoba tuliisikia wote.”

Ana haki. Mei 1996, meli hiyo ilipozama, haijafutika Mwanza, makaburi ya Igoma yapo. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, gati likiwa linaonekana, watu zaidi ya 220 wakafa. Nani ajibu “hapana” kwa swali hilo? Kwa maoni yangu, swali ambalo kila mtu analijibu sawa halipimi kitu.

Saa 6 mchana. Daladala ya Kayenze. Vumbi, kubanana, basi.

Saa 7. Ugali na sato kwa mama ntilie. Sitasimulia zaidi, mtaniomba namba yake.

Saa 8 mchana. Mwaloni Kayenze, boti na mitumbwi inapotia nanga. Dagaa wameanikwa, harufu inakufuata mpaka kwenye nguo. Boti ya kwenda kisiwa cha Bezi inapakia, nami leo nimeamua kukaa pembeni nitazame kwanza, maswali baadaye. Majaketi yapo, sheria inataka yawepo. Yamerundikwa puani mwa boti. Mawili yamegeuzwa mito ya kukalia, jingine limezibia upepo ndoo ya mkaa. Yote ni ya watu wazima. Ukimvalisha mtoto wa miaka minne anatokea chini. Mama mmoja amepanda, mwanawe mgongoni kwa kanga. Namuuliza nahodha mbona hawavai. “Dada, lina jasho la watu kumi. Mpe wewe mgeni wako alivae.”

Abiria walewale, ukiwapa dodoso, ni ndiyo kuanzia juu hadi chini.

Pembeni kuna vijana wa chuo, wageni wa mkoani, wameingia maji hadi magotini wakipiga picha. Wanaogopa mamba tu. Hakuna aliyewaambia habari za kichocho: konokono wa kwenye majani ya kina kifupi huachia vimelea majini, hasa jua likiwa kali, navyo hupenya ngozi bila hata kuwasha wakati mwingine. Mtoto wa shule wa hapa anakijua, amepimwa urefu kwa kijiti na kumezeshwa dawa yake, praziquantel. Nimewaambia. Wawili wametoka, mmoja amemalizia picha yake kwanza.

Saa 10 jioni. Ofisi ya BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni: benchi na daftari. Kwenye orodha yetu ya vivutio kuna “safari ya usiku kuvua dagaa”, na mwenzangu wa ofisini anaipenda sana. Namsomea mzee mwenye zamu. Anacheka.

“Binti, dagaa tunavua giza. Mbalamwezi ikijaa tunalala. Sasa giza hilo na radi za usiku, unipakilie mzungu asiyejua kuogelea?”

“Kwa hiyo tuiondoe, mzee?”

“Nani kasema? Wakae pale juu ya mawe, waone taa zetu za kuvulia zikitawanyika ziwani. Mama zenu wawapikie. Asubuhi tukirudi washuke kupokea dagaa, wanunue.”

Hapo ndipo nimeandika mkono ukauma. Hela inabaki mwaloni, wanawake wanaoanika na kupika wanapata chao, na hakuna mgeni ndani ya mtumbwi saa 8 usiku. Washauri wangapi wamelipwa wakaleta kitu kama hicho?

Saa 1 usiku. Nampigia msimamizi wetu wa utafiti. Nasema lile swali la jaketi lifutwe, badala yake tukae mwaloni tuhesabu wanaovaa na waliokalia, watoto tuwaandike peke yao. Amekubali mara moja. Kisha akauliza nauli ya siku hizo za ziada itatoka fungu gani.